Kuiga safari ya uchafu mtoni kwa Python: jihadhari na mtawanyiko wa uongo

Nimeandika haya baada ya kukaa na mwanafunzi anayetafiti maji taka katika Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Programu yake haikutoa kosa lolote, grafu zilikuwa laini, lakini majibu hayakuwa sahihi: programu yenyewe iliongeza mtawanyiko usiokuwepo mtoni. Wengi hukwama hapohapo, ndiyo maana hatua ya 4 ni ndefu.

Hatua ya 1: Chagua kipande cha mto. Kiwe kimenyooka, na kiwe juu ya eneo linalofikiwa na maji ya bahari. Karibu na Daraja la Salender, mto unapoingia baharini, bahari ikijaa maji ya mto husukumwa nyuma, na modeli yenye kasi moja tu haifai.

Hatua ya 2: Pata namba zako. Hapa natumia kasi u = 0.3 m/s na mgawo wa mtawanyiko (kipimo cha jinsi uchafu unavyoenea) D = 5 m²/s, kwa mfano tu. Zako kapime: mwaga maji ya chumvi, kisha yafuatilie kwa kifaa cha kupima upitishaji umeme. Usichukue D ya chumvi kwenye kitabu cha kemia. Ile ni kama 0.0000000015 m²/s, na kwa saa nzima inaeneza chumvi milimita 3 hivi. Mtoni, uchafu hutawanywa kwa sababu maji ya katikati huenda kasi kuliko ya kingoni na ya chini, huku msukosuko ukiyachanganya. Mwanafizikia Mwingereza G. I. Taylor aliueleza utaratibu wa aina hii kwa mabomba mwaka 1953.

Hatua ya 3: Andika programu. Tumia Python na NumPy. Excel siishauri kabisa, kosa la seli moja hulioni. Gawa kilomita 3 katika vipande vya dx = 50 m, weka uchafu wote katika kipande kilicho mita 500 kutoka mwanzo, kisha rudia mistari hii (c ni ukolezi, yaani kiasi cha uchafu katika maji ya kila kipande; dt ni muda wa hatua moja; K ni sehemu ya kipande ambayo maji hupita katika hatua hiyo):

K = u*dt/dx
s = D*dt/dx**2
c[1:-1] = c[1:-1] - K*(c[1:-1]-c[:-2]) + s*(c[2:]-2*c[1:-1]+c[:-2])

Ukipita kipande kimoja kimoja kwa kitanzi, nakili c kwanza, la sivyo utachanganya thamani mpya na za zamani.

Hatua ya 4: Chagua dt, kisha upime mtawanyiko wa uongo. dt isizidi 1/(u/dx + 2D/dx²). Kwa namba zetu ni 1/(0.006 + 0.004), yaani sekunde 100. Ukizidisha sana, ukolezi unakuwa hasi na namba zinalipuka. Hilo halinisumbui, kwa sababu linaonekana.

Linalonisumbua ni lile lisiloonekana. Mstari ule wa programu, kwa kutazama jirani wa juu ya mto peke yake, unaongeza mtawanyiko wake wenyewe wa (u·dx/2)(1 − K). Kwa dt = 50, K ni 0.3, na nyongeza ni 7.5 × 0.7 = 5.25 m²/s. Umeagiza 5, umepata 10.25. Baada ya saa moja mzizi wa varianzi ya wingu la uchafu (varianzi ni wastani wa mraba wa umbali wa uchafu kutoka katikati ya wingu) ungekuwa mita 190, wewe utapata 272, na kilele kitakuwa chini kwa karibu asilimia 30. Kilele ndicho tunacholinganisha na kiwango cha usalama wa maji! Modeli ya namna hii inauambia mtaa kwamba maji ni salama kuliko yalivyo.

Namna ya kuupima: kokotoa varianzi ya wingu katika nyakati mbili, chukua tofauti, gawa kwa mara mbili ya muda uliopita kati yake. Hiyo ndiyo D inayofanya kazi kweli ndani ya programu. Pima kabla wingu halijagusa mwisho wa gridi, yaani kipande cha mwisho.

Namna ya kuuondoa: punguza dx hadi 10 m na dt hadi sekunde 5 (kikomo sasa ni 7.7). Nyongeza inashuka hadi 1.275. Kisha ipe programu D ya 3.725 badala ya 5, na jumla inarudi kuwa 5. Kwa dx = 50 na dt = 50 ujanja huu haukubali, maana 5 − 5.25 ni hasi. Kasi ikibadilika, kokotoa upya.

Wapo wanaopenda kutumia majirani wote wawili hata kwa sehemu ya mkondo, ile yenye K. Inakubalika ikiwa u·dx/D haizidi 2, kwetu dx isizidi mita 33, lakini njia hiyo nayo hupunguza mtawanyiko kwa u²·dt/2. Mimi nabaki na jirani wa juu: ukolezi haugeuki hasi.

Hatua ya 5: Mipaka. Juu c[0] = 0; chini c[-1] = c[-2].

Hatua ya 6: Linganisha na vipimo. Chora ukolezi dhidi ya muda mahali uliposimama na kifaa, si dhidi ya umbali. Mkia wa vipimo ukiwa mrefu kuliko wa modeli, usiongeze D kuulazimisha ulingane. Yale ni maji yaliyonaswa kwenye vidimbwi vya kingoni na nyuma ya takataka, yanayorudi mkondoni polepole. Yaongezee mlinganyo wake, wenye kiwango cha kuingia na cha kutoka.