Kupata kazi kampuni za programu za kufundisha lugha ukiwa Mtwara au Lindi

Vijana wenzangu wa Mtwara na Lindi, Kiswahili chetu ni kazi kabisa, ila usianze kwa kutuma sivi tupu. Andaa kwanza somo moja dogo la sampo, mfano mgeni yuko sokoni ananunua korosho, sentensi chache tu kuanzia "naomba kilo moja" mpaka "nipunguzie kidogo", weka na sauti yako, rekodi usiku kumetulia maana bodaboda zinaharibu, afu eleza kwa nini umeanza na sentensi hizo, hapo ndo wanajua unafundisha na sio unaongea tu.

Nafasi angalia kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Duolingo kwa mfano, wenye programu ya kujifunzia lugha kwenye simu, makao yake Pittsburgh, Marekani, intavyuu ya saa 4 asubuhi kwao huku kwetu ni saa 11 au 12 jioni kutegemea na msimu, jaza bando mapema. Na ujue 2025 walitangaza kupunguza wakandarasi kwenye kazi ambazo akili mnemba (AI) inaziweza, kwa hiyo jifunze kuhakiki na kusahihisha masomo yaliyotungwa na mashine, usitegemee kutafsiri peke yake. Anayekuomba hela ya fomu ili akuajiri, mbloku palepale.