Kabla hujawabadilishia samaki wako chakula cha soja, uliza kwanza walikula nini wakiwa wadogo

Huku kwetu Bukavu kila mwenye bwawa la samaki, awe Kabare, awe Walungu ao kule chini kwenye plaine ya Ruzizi, swali lake ni moja: nitaacha vipi kununua chakula cha kiwandani chenye kinavuka mupaka na kila mara bei imepanda? Jibu liko mashambani mwetu. Soja tunalima, mahindi tunalima, pumba tunayo. Na ni jambo zuri, naliunga mkono kabisa, juu ule unga wa samaki wenye wanaweka ndani ya vile vyakula ni samaki wadogo wenye mtu angeweza kula mwenyewe, na hapa kwetu samaki mdogo ni sambaza, kitoweo cha nyumba nyingi. Kuchukua sambaza nyingi kulisha samaki wachache wakati mtoto wa jirani anakula ugali mtupu, hesabu hiyo mimi hainiingii. Lakini nimeona watu wakikimbilia soja bila kujipanga na wakalia. Soma hii mpaka mwisho mbele ya kununua gunia la kwanza.

Anza na maji. Nunua kipima joto, hakina bei kubwa, kiweke ndani ya bwawa asubuhi na tena saa tisa ya mchana, andika. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya bahari na mabwawa mengi ya Kabare na Walungu yako juu zaidi ya ziwa, kwa hiyo maji ya huko ni baridi. Tilapia anakua vizuri kati ya digri 26 na 30, chini ya digri 20 anakula kidogo sana na kukua ni shida. Ukimpa soja ndani ya maji ya baridi akakataa, usiseme soja ni mbaya.

Hesabu alevini, ni kusema watoto wa samaki wa kufuga, siku unawapokea. Ziba mianya ya ukuta. Weka kamba ao nyavu juu ya bwawa kuzuia ndege. Hayo unayajua, yafanye tu.

Soja mbichi, apana, hata kidogo. Ndani yake mna kitu chenye kinazuia kazi ya tripsini, ile enzaimu ya tumboni yenye inavunja protini, kwa hiyo samaki anakula anashiba na protini nyingi inatoka kama ilivyoingia. Moto njo unaua kile kitu. Loweka soja usiku, ichemshe karibu nusu saa tangu itokote, anika, saga. Ao ikaange polepole mpaka ganda lipasuke na ile harufu ya ubichi iishe. Usiiunguze pia, juu ikiungua unapoteza lizini, kimoja cha vipande vyenye vinajenga protini, na lizini njo moja ya vitu unaitafutia soja. Majani ya muhogo na maganda yake yana sumu ya sianidi, yaponde na uyaanike vizuri sana mbele ya kuyachanganya. Mahindi yenye kuvu, na mashudu ya karanga yenye kuvu, tupa, usidanganyike kwamba ukipika sumu ya kuvu inaisha, haiishi kwa kupika, na inaharibu maini ya samaki polepole mpaka unashangaa tu kwa nini hawakui.

Tena soja peke yake haitoshi. Ina protini nyingi, karibu 36 mpaka 40 kwa mia, lakini metionini yake, kipande kingine cha protini kama lizini, ni kidogo. Mahindi yana protini kidogo, kama 8 ao 9 kwa mia, na lizini inapunguka. Halafu fosforasi, yale madini ya mifupa, ndani ya mimea mingi imefungwa ndani ya kitu kinaitwa fitati, na tumbo la samaki halina uwezo wa kuifungua, ndiyo maana watu wanaongeza unga wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Mimi nashauri ubakize samaki kidogo ndani ya mchanganyiko, lakini chukua vichwa na yale mabaki ya sambaza yenye watu hawanunui sokoni. Na uyanunue mapema, juu sambaza inavuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapata kidogo, bei inaruka. (Sambaza wenyewe si wa asili ya ziwa hili, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo huwezi kuwaza Bukavu bila wao.)

Sasa lile jambo lenye karibu hakuna anauliza. Hao alevini wako, huko ulikowanunua, walikula nini majuma yao ya kwanza?

Kuna familia moja naifahamu vizuri kule Kamanyola, shemeji wawili, mabwawa yao yanafuatana na yanakunywa maji ya mfereji mmoja. Wote wawili walikuwa wanafuga kambale. Mukubwa alinunua alevini wazuri kabisa, wanene, kwa mtu mwenye alikuwa anawalisha chakula cha kiwandani tangu siku ya kwanza, chakula cha unga wa samaki tupu, aliwasifia sana na kweli ukiwaangalia walikuwa wanapendeza. Mdogo yeye hakuwa na franga za kutosha, akachukua kwa mzee mmoja mwenye anatotolesha mwenyewe nyumbani, wadogo wadogo, wembamba, na yule mzee tangu wakiwa vijidudu alikuwa anachanganya unga laini wa soja ya kukaanga ndani ya chakula chao juu hakuwa na njia ingine. Mke wa mukubwa, mama mmoja mwenye akili ya kazi, njo alikuwa anapika soja ya mabwawa yote mawili, sufuria moja, kipimo kimoja. Wote wawili walianza kuwapa samaki soja siku ileile.

Kwa mdogo samaki walikuja, wakala. Kwa mukubwa walikuja, wakaonja, wakatema, wakarudi chini. Kesho yake vilevile. Mukubwa akasema njaa itawafundisha. Na kambale akiwa na njaa anafanya kitu kimoja chenye ukifuga lazima ujue: wakubwa wanakula wadogo. Hakuna mzoga, hakuna harufu, maji yametulia, lakini hesabu inashuka. Walipopitisha nyavu wakaona samaki wamepungua sana, wakasema ni wizi. Wakaanza kulala kando ya bwawa na tochi. Mwishowe akasingiziwa kijana mwenye alikuwa anachunga mbuzi pale karibu, akapelekwa kwa chefu, wazazi wake wakalipa mbuzi yenye hawakuwa wanadaiwa. Wakati walipokausha bwawa wakakuta kambale wachache wakubwa wenye matumbo, na wengine vichwa vikubwa miili kama vijiti, soja yote imeoza chini ndani ya matope. Ile mbuzi ilirudishwa, ndiyo, lakini mpaka leo wazazi wa yule kijana hawapiti njia ile. Na watoto wa mukubwa mwaka ule walichelewa kuanza masomo juu minerval, ile pesa ya shule, haikupatikana.

Sisemi mambo yote ya lile bwawa yalitoka kwa jambo moja. Kubadilisha ghafla peke yake ni kosa, na kutopanga samaki kwa ukubwa ni kosa ingine. Lakini tofauti ya mabwawa mawili, sufuria moja, ilinifanya nisome. Na nikakuta wataalamu walishaipima kabisa. Ufaransa, watafiti wa INRA, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, walitoa kazi yao mwaka 2013 juu ya samaki aina ya truti, huyu ni mla nyama. Waligawa watoto wa truti mara mbili pale wanapoanza kula kwa mdomo: kundi moja majuma matatu ya chakula cha mimea, lingine chakula cha unga na mafuta ya samaki. Kisha wote wakalishwa kile chakula cha unga na mafuta ya samaki miezi 7. Saba! Baadaye wakawapa wote chakula cha mimea kwa siku 25. Wale wenye walikionja wakiwa wadogo walikua kwa kasi ya asilimia 42 zaidi, walikula asilimia 30 zaidi, na kile walichokula kiliwafaidia mwilini asilimia 18 zaidi. Majuma matatu ya utoto, na mwili ulikumbuka miezi saba nyuma. Uskoti pia walijaribu kwa samoni na matokeo yakaenda upande uleule.

Sababu si ulimi tu. Ni kweli samaki anazoea ladha na harufu, lakini wakati ule wa mwanzo tumbo linajijenga, enzaimu zinajipanga, vijidudu vya utumbo vinakaa mahali pao, na hata jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa inaweza kubaki na alama ya chakula cha kwanza. Kwa watu jambo hili linajulikana zamani: Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 na 1945, vita vilileta njaa kali, na watoto wenye walikuwa tumboni mwa mama zao wakati ule, walipokuwa watu wazima miili yao ilishindwa kushika sukari vizuri kuliko wenzao. Wataalamu wa samaki waliuliza kama kile chenye kinaweza kuharibu maisha kinaweza pia kutumiwa kuyatayarisha.

Kwa hiyo ukienda kununua alevini, uliza. Usiulize bei kwanza. Muulize muuzaji anawapa nini, tangu lini, na umuombe akuonyeshe gunia lenyewe, tena umuombe atupe konzi ya unga wako wa soja mbele yako uone kama wanakuja na wanameza ao wanatema. Muuzaji mzuri hatakasirika. Akikasirika, nenda kwa mwingine. Kwa tilapia hatari ni ndogo kidogo juu yeye kwa asili anakula mimea na ule ukijani wa maji, kwa kambale kuwa mwangalifu mara mbili.

Ukitotolesha mwenyewe, sikiliza vizuri hapa juu watu wanaelewa mubaya na wanaua watoto wa samaki. Mtoto wa kambale akimaliza kile kiini cha yai chenye anazaliwa nacho, tumbo lake bado halijakamilika, siku zile za kwanza anataka vijidudu hai vya majini, usimtupie soja. Akishaanza kula unga wa kawaida njo uingize soja, iliyopikwa vizuri, iliyosagwa mpaka iwe kama pauda, ndani ya chakula chenye bado kina protini nyingi, 40 kwa mia na zaidi. Kumzoesha soja si kumnyima. Mtoto mwenye alinyimwa protini si rahisi arudi sawa, awe wa samaki ao wa mtu. Endelea nayo kama majuma matatu, mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo, na hata kama baadaye utapata chakula cha kiwandani ukawapa, ile kazi ya mwanzo haijapotea.

Na kama umeshanunua wakubwa na hujui walikula nini, basi usibadilishe kwa siku moja. Robo ya soja kwanza, robo tatu chakula chao cha zamani, kaa hapo mpaka wale bila kubakiza, kisha nusu, kisha robo tatu. Ikichukua majuma matatu ao mwezi, ichukue. Toa chakula jua likishapasha maji, mahali palepale, simama uangalie, usimwage na kuondoka. Wakiacha kula na wewe acha. Chakula kikibaki chini kinaoza na kinakula hewa ya maji, tilapia watakuja juu asubuhi kutafuta pumzi na hapo umechelewa. Kambale uwachague kwa ukubwa kila juma moja ao mawili wakati bado wadogo, wakubwa peke yao, wadogo peke yao. Na hesabu ikishuka, pitisha nyavu na uangalie ndani ya bwawa vizuri mbele ya kutaja jina la mtoto wa mtu.

Mengine ni haya ya kila siku. Magunia ya soja yasikae chini kwenye sakafu ya sima, yaweke juu ya mbao, na wakati wa mvua usipange akiba ya miezi mingi kwa sababu ya kuvu. Motari akibeba alevini ndani ya sashe asisimame juani kupiga stori. Andika tarehe ya kila gunia, andika nani alilipika, dada ao kijana mwenye anakusaidia mwonyeshe kipimo kwa macho si kwa simu. Weka pembeni makuta ya kumaliza msimu, juu barabara inaweza kufungwa siku yoyote na soko la Kadutu likapandisha kila kitu asubuhi moja. Ukimwona jirani anaanza kesho na hajui hata alevini wake wametoka wapi, mwambie asubiri kwanza, aende akaulize.