Jinsi ya kuhesabu picha zinavyoonesha watu, bila kurudia kazi yote kama mimi

Juzi nilikaa na mdogo wangu mmoja anayesomea mawasiliano, ana utafiti wa jinsi wanawake na wanaume wanavyooneshwa kwenye matangazo ya magazeti, kaja na picha kama 300 kwenye laptopu na swali moja tu, "kaka, sasa hapa nahesabu nini?" Nikacheka, maana na mimi nilishawahi kukwama hapohapo nikapoteza wiki 3 za kazi. Naandika ili nisieleze tena kwa simu usiku wa manane.

Halafu neno moja kabla hatujaanza: kile ambacho wengine wanaita kukodi data (kwa Kiingereza coding), yaani kujaza kwenye jedwali kila picha ina nini, mimi nitaita kuweka alama, nikisikia kukodi nawaza gari.

Hatua ya 1: Swali

"Wanawake wanaoneshwaje" ni mada, bado haijawa swali. Swali ni kitu kama: kwenye matangazo yenye mwanamke na mwanaume pamoja, nani anaonekana anafanya kazi na nani anamtazama mwenzie akifanya? Ukikosa pa kuanzia mwangalie Erving Goffman, yule mwanasosholojia mzaliwa wa Kanada, mwaka 1979 alitoa kazi yake ya matangazo na alikuwa anaangalia vitu vidogovidogo kweli: nani kawekwa juu na nani chini, mkono umeshika kitu kwa nguvu au unakigusagusa tu, nani kajilaza, nani macho yake yamehama kabisa hayupo pale. Ila Goffman alichagua mwenyewe picha zinazoonesha hoja yake, hakuchukua sampuli ya bahati nasibu. Kwa hiyo azima macho yake, uchaguzi wake mwachie.

Hatua ya 2: Sampuli

Usichukue matoleo ya wiki moja mfululizo, ukiangukia wiki ya sikukuu au uchaguzi umekwisha. Tunga wiki: piga kura upate Jumatatu moja kutoka mwaka mzima, Jumanne moja, hivyohivyo mpaka Jumapili. Kwa gazeti la kila siku kuna watafiti walilijaribu hili mwaka 1993 wakaona wiki 2 za kutunga zinatosha kuwakilisha mwaka. Kwa magazeti ya mwezi au mitandao hesabu ni nyingine, usiihamishe tu.

Hatua ya 3: Kuhifadhi

Folda moja, jina la faili lianze na tarehe, usikate picha pembeni. Basi.

Hatua ya 4: Unahesabu picha au mtu?

Amua leo, kabla hujagusa jedwali. Picha moja ina watu 5, je ni mstari mmoja au mitano? Ukiwa na swali la pembe ya kamera au tangazo ni la bidhaa gani, hiyo ni ya picha. Ukiwa na swali la jinsia, macho, mikono, hiyo ni ya mtu. Mimi natengeneza majedwali 2, moja la picha, moja la watu, na kila mtu anabeba namba ya picha yake. Mfano mzuri ni ule mradi wa kimataifa wa kufuatilia habari, GMMP, unaofanyika kila baada ya miaka 5 tangu 1995: mwaka ule wanawake walikuwa 17% ya watu wanaoonekana au kusikika kwenye habari, mwaka 2020 wakafika 25%. Hizo ni asilimia za watu, siyo za habari. Ukichanganya unaandika uongo bila kukusudia.

Na umati je? Weka sheria, mfano "mtu ambaye uso wake hausomeki hahesabiwi", uiandike, uifuate hata pale inapokuuma.

Hatua ya 5: Kitabu cha alama, hapa ndipo nilipozikwa

Kitabu cha alama ni zile kurasa zinazosema kila alama inawekwa lini. Mimi wakati ule niliandika alama inaitwa "ana mamlaka: ndiyo/hapana" nikaona nimemaliza, nikaweka alama picha 420 peke yangu, raha mustarehe. Halafu rafiki yangu akajaribu picha 50 kati ya hizo, tukawa kama tunaangalia picha tofauti kabisa. Yeye mwanaume mwenye suti ana mamlaka, mimi mpaka awe anaongea na wengine wanamsikiliza. Na ubaya zaidi, nilipozirudia picha za mwanzo nikaona hata mimi mwenyewe nilikuwa nimebadilika katikati, picha ya 30 na ya 400 nimezipima kwa vipimo viwili.

Dawa ni kuvunja neno kubwa vipande vinavyoonekana kwa macho. "Mamlaka" ikawa: amesimama wengine wamekaa? ananyoosha kidole au kuelekeza? kamera inamtazama kutoka chini? Kila kimoja alama yake, na kila alama iwe na mfano wa ndiyo, mfano wa hapana, na ule mfano wa katikati unaosumbua pamoja na uamuzi wake. Mfano wa katikati ndio muhimu kuliko yote, watu wanauruka.

Kuna vitu unaweza kupima kwa rula kabisa. Mwaka 1983 Dane Archer na wenzake walipima umbali wa utosini hadi kidevuni, wakagawa kwa umbali wa utosini hadi sehemu ya mwisho ya mwili inayoonekana. Jibu likikaribia 1, picha imejaa uso, likiwa dogo ni mwili. Wakakuta wanaume wanapewa uso zaidi. Napenda kipimo hiki kwa sababu hamna mabishano, ila aliyeinamisha kichwa anakivuruga, weka sheria yake.

Kisha waweka alama wawili, kila mtu peke yake, picha zilezile, bila kuchungulia. Na tafadhali msiishie kusema "tumekubaliana 90%". Chukua picha 100, alama ya "kajilaza" ambayo ni nadra. Wote wawili mmesema ndiyo kwenye 5, wote hapana kwenye 85, zilizobaki 10 mmepishana nusu kwa nusu. Makubaliano 90%, mnapongezana. Lakini kila mmoja wenu kasema hapana mara 90, kwa hiyo hata mngekuwa mnajaza macho yamefumbwa kwa uwiano huohuo mngekubaliana 82% (0.9 × 0.9 za hapana + 0.1 × 0.1 za ndiyo). Kipimo kinachoitwa kapa ya Cohen, kipo tangu 1960, kinaondoa hiyo bahati: (0.90 − 0.82) ÷ (1 − 0.82) = 0.44. Hiyo ni mbovu. Mkiwa zaidi ya wawili au kuna nafasi tupu tumia kipimo cha aina hiyohiyo kinachoitwa alfa ya Krippendorff, Krippendorff mwenyewe anataka 0.80, na chini ya 0.667 usiseme kitu. R, programu ya takwimu, ni ya bure na kifurushi chake cha irr kinapiga zote mbili, sioni sababu ya kununua programu.

Namba ikiwa chini, kaeni mzungumze, rekebisheni kitabu, halafu jaribuni kwenye picha MPYA. Mkirudia zilezile mnajipima kumbukumbu.

Kuhusu programu za kutambua jinsia kwa uso: mimi hapana. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo 3 ya kibiashara, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yalifika 34.7% wakati kwa wanaume weupe hayakuzidi 0.8%. Unachunguza watu wanavyooneshwa halafu unampa kazi msaidizi asiyewaona vizuri baadhi yao?

Hatua ya 6: Alama zote, kisha hesabu

Changanya mpangilio wa picha usizipitie kwa tarehe, pumzika kila baada ya 40 hivi. Hesabu ni jedwali la kawaida.

Hatua ya 7: Kuandika

Andika kilichopo kwenye picha. Kwamba wasomaji wameathirika, au mpiga picha alikusudia, alama zako hazijui, hiyo inataka kuwahoji watu. Na usisahau safu ya wasiokuwepo kabisa: wazee wangapi, wenye ulemavu wangapi. Mdogo wangu aliiongeza mwishoni kwa kusitasita, akapita picha 300 zote, na ile ya ulemavu mpaka sasa ina sifuri tupu, ndiyo kaamua iwe sura yake ya kwanza.