Kupekua Nyaraka za Kesi kwa Kompyuta: Mwongozo kwa Mawakili na Makarani wa Nairobi

Kesi ya biashara ikifika mahakama ya Milimani siku hizi, faili la karatasi huwa sehemu ndogo tu ya ushahidi. Mengine yamo kwenye barua pepe, makundi ya WhatsApp, taarifa za M-Pesa na picha za risiti. Programu za kupekua nyaraka zina nguvu kweli, ila nyingi zimefunzwa zaidi kwa Kiingereza, na wateja wetu hawaandikiani Kiingereza kitupu. Tuchukue mfano wa kubuni: muuzaji wa saruji wa Industrial Area anamdai mjenzi, na hati zote ni 24,000.

Hatua ya 1: Zuia ufutaji

Siku unayopewa kazi, mwandikie mteja barua ya kumkataza kufuta chochote. Kisha mwombe akuonyeshe simu. Kama kundi la WhatsApp limewekewa ujumbe wa kutoweka, wa saa 24, siku 7 au siku 90, ushahidi unayeyuka huku nyinyi mkipanga miadi. Uzimwe papo hapo.

Hatua ya 2: Kusanya bila kuchafua

Usikubali kutumiwa barua pepe kwa "forward". Njia hiyo inakuletea ujumbe mpya wenye tarehe mpya, na maelezo ya safari ya ule wa awali yanabaki nyuma. Chukua sanduku zima la barua kama lilivyo. Kila faili lipigie alama ya SHA-256, msururu wa herufi na tarakimu 64 unaobadilika kabisa hata nukta moja ikiguswa. Kwenye Windows, amri ya certutil inatosha, huhitaji kununua kitu. Andika pia kwenye daftari ni nani aliyenakili, kutoka kifaa gani, saa ngapi. Utayahitaji mwishoni.

Hatua ya 3: Punguza, na urekebishe saa

Programu itaondoa nakala zinazofanana kwa kulinganisha alama hizo. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Saa ndiyo inayosumbua. Programu nyingi huanza na saa ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, nasi tuko saa tatu mbele yake. Ujumbe wa saa saba na nusu usiku wa tarehe 2 utaonekana umetumwa tarehe 1, na kwenye kesi ya kuchelewesha malipo siku moja ni kubwa. Weka saa za Nairobi kabla ya kuingiza hati yoyote.

Tafsiri ya mashine nayo ina mtego wake. "Lori litafika saa nne" inaweza kugeuzwa kuwa saa kumi jioni, kwa kuwa mashine imeona "nne" tu. Kila tafsiri yenye saa ndani yake isomwe na mtu.

Hatua ya 4: Tengeneza maneno ya kutafutia

Hapa usikimbie. Kwa Kiingereza, mpekuzi huandika mwanzo wa neno na kuweka nyota (*) mwishoni, isimame badala ya herufi zozote. Kwetu sisi mabadiliko mengi yako mbele: nimelipa, hajalipa, tutalipa. Kwa hiyo nyota iende mbele, *lipa. Hakikisha kwanza programu yako inaikubali nyota ya mbele, kwani baadhi huikataa. Na usiweke nyota pande zote mbili: *lipa* itakuvutia kila "alipata" na "tulipanga", na *lip* itakumwagia "alipofika" na "walipokuja" mpaka uchoke. Andika orodha: *lipa, *lipe, *lipi, *lipwa, *lipia, malipo.

Halafu ongeza Sheng, lugha ya mtaani. Pesa inaweza kuitwa doo, chapaa au mkwanja, na hongo ikaitwa chai au kitu kidogo. Mwulize mteja wao kwa wao wanaitaje saruji, na dereva wanamwita jina gani. Jina la utani halipatikani kwenye mkataba. Kwa M-Pesa, tafuta namba ya muamala, ile ya herufi na tarakimu kumi. Hiyo haina lahaja.

Hata hivyo usiyaamini maneno peke yake. Mwaka 1985 David Blair na M. E. Maron walichapisha utafiti kuhusu kesi yenye hati zipatazo 40,000. Mawakili waliamini wamepata asilimia 75 ya hati zinazohusika, kumbe walikuwa na kama asilimia 20.

Hatua ya 5: Ifundishe mashine

Wakili anayeijua kesi asome hati mia kadhaa na kuzitia alama: inahusika, haihusiki. Programu hujifunza na kuzipanga zilizobaki. Mahakama za nje zimekwisha kuikubali njia hii: jaji Andrew Peck wa New York mwaka 2012 katika Da Silva Moore, na London mwaka 2016 katika kesi ya Pyrrho. Hakikisha mafunzo yana Kiswahili na Sheng za kutosha, la sivyo mashine itaviona vyote kuwa porojo na kuvitupa chini.

Hatua ya 6: Pima lundo lililotupwa

Tuseme mmesoma hati 4,000 na kupata 1,600 zinazohusika. Katika 20,000 zilizobaki, chota 400 kwa bahati nasibu na uzisome zote. Ukikuta 8, hiyo ni asilimia 2, yaani huenda zimebaki kama 400. Mmepata 1,600 kati ya 2,000 hivi, asilimia 80. Kabla ya kuridhika, zitazame zile 8. Zikiwa zote ni za Sheng, rudi hatua ya 5.

Hatua ya 7: Siri na cheti

Mazungumzo ya mteja na wakili wake yatengwe kabla upande wa pili haujaona chochote. Tafuta kwa majina na anwani za mawakili wote. Usibandike hati za mteja kwenye roboti ya bure ya mazungumzo: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadhibiti data binafsi kupelekwa nje ya nchi.

Mwisho, tayarisha cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kile cha kifungu cha 106B(4) cha Sheria ya Ushahidi. Kitaje rekodi, namna ilivyotolewa na kifaa kilichotumika, na kitiwe sahihi na mtu mwenye wadhifa wa kuwajibika kwa kifaa hicho au kwa shughuli husika. Kwa muuzaji wetu wa saruji, huyo anaweza kuwa msimamizi wa kompyuta zake. Mpe daftari la hatua ya 2 alisome kabla hajatia sahihi, maana ndiye atakayeulizwa maswali kizimbani.