Kusakinisha Windows 11 upya kwenye laptopi iliyokwisha kutumika

Microsoft ilihitimisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, lakini laptopi nyingi za mtumba bado zinauzwa zikiwa na mfumo huo, mara nyingi pamoja na mabaki ya programu na akaunti za mwenyewe wa kwanza. Mashine ya namna hiyo siishauri isasishwe tu, kwa kuwa kusasisha huyabakiza yote yaliyokuwamo. Ni heri diski ifutwe na mfumo usakinishwe upya.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kuwa mashine inakubalika. Windows 11 inadai RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, TPM 2.0 (chipu ya usalama inayotunza funguo za siri) na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa upande wa Intel huanzia kwa jumla kizazi cha 8. ThinkPad T480 yenye i5-8250U hupita, ilhali T470 hukwama, ingawa kwa macho ni kama pacha. (Hiyo GB 4 ni ya kuwashia tu, anayetaka kufanya kazi aweke 8.) Kuangalia TPM, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika tpm.msc.

Hatua ya pili ni kunakili faili zako kwenye diski ya nje na kufungua chache kati ya hizo kwenye kompyuta nyingine. Fanya hivyo kabla hujagusa mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine), kwa sababu diski iliyofungwa kwa BitLocker, yaani usimbaji wa Windows unaozuia faili kusomwa bila ufunguo, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 mara tu unapobadilisha chochote kuhusu TPM, na asiye na ufunguo huo hazifikii tena faili zake.

Hatua ya tatu, pakua Media Creation Tool, programu ya kuandaa flashi ya usakinishaji, kutoka tovuti ya Microsoft na uandae flashi isiyopungua GB 8. Flashi itafutwa yote, na upakuaji utakula GB kadhaa za bando. Ikishakuwa tayari, weka humo draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya Wi-Fi ya modeli yako, maana toleo la Home hudai intaneti wakati wa usakinishaji. Ukikwama hapo, simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB mara nyingi hukuvusha.

Hatua ya nne, chomeka chaja, zima, kisha washa huku ukibonyeza F12 kwa Dell na ThinkPad, au F9 kwa HP, uchague flashi. Ukiulizwa namba ya leseni, chagua kuwa huna, kisha chagua toleo lilelile lililokuwamo, Home au Pro. Kama mashine ilikuwa na leseni halali ya kidijitali, itajithibitisha yenyewe ikipata intaneti.

Hatua ya tano ndiyo ya kutulia. Skrini itaorodhesha sehemu za diski: kwa kawaida ndogo ya takriban MB 100, nyingine ya MB 16, ile kubwa yenye mfumo, na ya urejeshaji. Futa zote za diski ya mfumo mpaka ibaki nafasi tupu moja, uichague na kuendelea. Mashine ikiwa na SSD ya GB 256 na diski ya pili ya TB 1, usiamini namba za 0 na 1 ambazo skrini huzipa diski hizo, kwani mpangilio wake hubadilika. Tazama ukubwa, au uichomoe ile ya pili kabisa. Orodha ikitokea tupu kwenye mashine ya Intel ya kizazi cha 11 au zaidi, diski haijaharibika: kinachokosekana mara nyingi ni draiva ya Intel RST, inayoiwezesha Windows kuiona diski, ambayo utaipakia papo hapo kutoka kwenye flashi ikiwa umeiweka humo mapema kama ile ya Wi-Fi.

Mfumo ukishawaka, endesha Windows Update, uwashe upya, na urudie mpaka kusiwe na kilichosalia. Kisha fungua Device Manager uone kama kuna alama ya njano, yaani kifaa chenye tatizo la draiva. Mwisho, kwa kuwa matoleo mapya huweza kuifunga diski kimyakimya unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, ingia kwenye akaunti hiyo, tafuta ufunguo wa BitLocker, na uuandike mahali pasipo ndani ya laptopi hiyo.