Somo: Kuchagua Deki na Kupanda Madaraja katika Marvel Snap

Kila msimu wa Marvel Snap unapoanza (huu ni mchezo wa kadi wa simu, na deki ni seti ya kadi unazochezea), swali ni lile lile: "Nitumie deki gani ili nifike Infinite, yaani daraja la 100?" Nimelijibu mara nyingi, kwa watu wengi, tena kwa vipande vipande, hata nikaona ni afadhali niweke jibu lote mahali pamoja ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Msimamo wangu ni kwamba katika mchezo huu daraja halipandi kwa sababu umeshinda mechi nyingi, bali kwa sababu ulipoteza michemraba michache (alama zinazokupandisha au kukushusha daraja) katika mechi ulizoshindwa. Asiyelielewa jambo hilo atabadilisha deki kila juma na atabaki pale pale.

Hatua ya 1. Pakua mchezo, maliza mafunzo ya mwanzo, na ucheze kwa kadi unazopewa.

Hatua ya 2. Tumia kredi zako kupandisha mwonekano wa kadi, kwa kuwa kiwango cha mkusanyiko ndicho kinachokufungulia kadi mpya.

Hatua ya 3. Chagua deki ambayo mapema kabisa inakuambia kama mechi ni yako au si yako. Deki ina kadi 12, hakuna kadi inayorudiwa, na mechi ya kawaida ina zamu 6. Unaanza na kadi 3 mkononi na kuvuta moja kila zamu; kwa hiyo, kama hakuna kadi iliyokuwezesha kuvuta nyingine za ziada, kufikia zamu ya 6 utakuwa umeziona 9 kati ya 12. Maana yake ni kwamba kadi yoyote unayoitegemea ina uwezekano wa asilimia 75 tu wa kufika mkononi kabla ya mwisho. Ukitegemea kadi mbili kwa pamoja, uwezekano unashuka hadi takriban asilimia 55. Ukitegemea tatu, unabaki na asilimia 38. Ndiyo sababu siwashauri wanaoanza kushika deki ya Wong, White Tiger na Odin, ingawa inavutia macho inapokamilika: inataka kadi tatu, tena kwa mpangilio, na mpinzani akishamwona Wong ameketi mahali fulani anajua kinachokuja.

Linganisha na deki ya kadi ndogo, ile yenye Ant-Man, Squirrel Girl, Nightcrawler, Rocket Raccoon na wenzao wa gharama ya 1 (wanaochezwa kwa nishati 1), ambayo Ka-Zar na Blue Marvel huipa nguvu. Ka-Zar anaziongezea nguvu kadi za gharama ya 1, na Blue Marvel anaziongezea kadi zako zote nyingine. Mmoja asipokuja, mwenzake anaifanya sehemu kubwa ya kazi yake, na uwezekano wa kumpata angalau mmoja wao kufikia zamu ya 5 ni takriban asilimia 91. Kadi hizi hupatikana mapema, hazihitaji fedha, na zinamfundisha mchezaji kugawa nguvu katika maeneo matatu ambako kadi huwekwa, badala ya kurundika yote mahali pamoja. Hasara yake ni Killmonger, anayeziangamiza kadi zote za gharama ya 1, za aliyemweka na za mpinzani wake.

Hatua ya 4. Simamia michemraba. Hatua hii ndiyo iliyonichelewesha kuliko nyingine zote, na ndiyo inayowachelewesha wengi ninaowaona, kwa hiyo naomba isomwe polepole.

Mechi inaanza na dau la mchemraba 1. Mchezaji akibonyeza kitufe cha Snap, dau linazidishwa mara mbili zamu inayofuata, na zamu ya mwisho ikifungwa dau linazidishwa mara mbili tena. Asipobonyeza mtu, mechi inaisha kwa michemraba 2. Akibonyeza mmoja, 4. Wakibonyeza wote wawili, 8. Zingatia hapa: ongezeko la Snap halianzi papo hapo. Mpinzani akibonyeza sasa hivi na wewe ukajiondoa katika zamu hiyo hiyo, unalipa dau la zamani, ambalo kwa kawaida ni mchemraba 1 tu. Ukisubiri zamu moja zaidi "uone itakavyokuwa", umeshalipa 2. Ukibaki hadi mwisho, umelipa 4.

Chukua wachezaji wawili waliocheza mechi kumi kila mmoja. Wa kwanza ameshinda sita kwa michemraba 2 kila moja na kushindwa nne kwa michemraba 4 kila moja: amepata 12, amepoteza 16, ameshuka. Wa pili ameshinda nne tu kwa michemraba 4 kila moja, na katika sita alizoshindwa alijiondoa mapema kwa mchemraba 1: amepata 16, amepoteza 6, amepanda kwa 10. Huyu wa pili ameshindwa mara nyingi zaidi, na ndiye anayekwenda juu.

Wakati wa kuamua ni zamu ya 3 na ya 4. Eneo la kushoto hufunuliwa zamu ya 1, la kati zamu ya 2, na la kulia zamu ya 3. Kwa hiyo ikifika zamu ya 3 unayajua maeneo yote na umeshaona nusu ya deki yako. Kama maeneo yanaifaa deki yako na kadi yako kuu iko mkononi, bonyeza hapo. Ukingoja hadi zamu ya 6, ukiwa na uhakika kamili, mpinzani mwenye akili ataona kile kile unachokiona na ataondoka akiwa amekupa mchemraba 1.

Tahadhari tatu. Usibonyeze Snap kwa hasira ya mechi iliyopita. Usibaki kwenye mechi kwa sababu tu umeshapoteza 2, kwa kuwa hizo 2 zimekwenda na swali ni kama unataka kuongeza 2 nyingine. Na usidhani kwamba kujiondoa ni aibu. Kitufe cha kujiondoa kimewekwa kwa ajili ya kutumika, na wanaofika daraja la 100 wanakitumia sana.

Hatua ya 5. Zijue kadi za kuzuia: Cosmo huzima kadi zinazofanya kazi pale zinapofunuliwa, Enchantress hufuta uwezo wa kadi za kudumu, na Shang-Chi huangamiza kadi zenye nguvu kubwa. Weka moja au mbili katika deki yako, si zaidi.

Hatua ya 6. Kaa na deki moja msimu mzima.

MASWALI YA WANACHAMA

Kobe wa Tanga: Naomba basi unipe deki bora ya kufika Infinite haraka.

Jibu: Soma hatua ya 3 na ya 4.

Kobe wa Tanga: Nimesoma, lakini hujataja deki moja iliyo bora.

Jibu: Sikuitaja kwa makusudi. Second Dinner, watengenezaji wa mchezo, hurekebisha namba za kadi mara kwa mara, na deki inayotamba leo inaweza kupunguzwa makali kabla hujaizoea. Deki ya kuanzia nimekutajia, na sababu zake nimekupa.

Mla Zamu: Kadi yangu nimeipandisha hadi mwisho, fremu inang'aa, lakini bado napigwa. Kwa nini nguvu haiongezeki?

Jibu: Kwa sababu kupandisha kadi hubadilisha sura yake tu na kuinua kiwango chako cha mkusanyiko. Nguvu yake inabaki ile ile.

Binti Mvuvi: Shikamoo mwalimu. Nina swali kuhusu Shang-Chi. Mara nyingine namweka eneo sahihi kabisa, lakini anafunuka na hakuna anachoangamiza, kisha kadi kubwa ya mpinzani inafunuka baada yake. Je, kuna namna ya kujua nani atafunua kwanza?

Jibu: Marahaba, dada. Swali lako ni zuri, na jibu lake linawainua watu wengi. Anayeongoza katika maeneo mengi ndiye anayefunua kwanza, na jina lake hung'aa kwenye skrini. Litazame kabla ya kuweka kadi. Shang-Chi anataka kufunuka wa mwisho, kwa hiyo ukiwa naye mkononi ni afadhali uingie zamu ya 6 ukiwa nyuma kidogo. Katika zamu ya 5, weka kadi kwenye eneo ambalo tayari unaongoza, au weka ndogo, ili mpinzani akupite kwingine. Cosmo ni kinyume chake: yeye anataka kufunuka kwanza, kabla kadi anayotaka kuizima haijafanya kazi.

Binti Mvuvi: Nimeelewa. Je, kuna dalili kwamba kadi kubwa inakuja?

Jibu: Ziko. Mpinzani akiiacha zamu ya 5 bila kuweka kadi yoyote wakati nishati anayo, mfikirie Infinaut mwenye nguvu 20, ambaye hachezeki kama zamu iliyotangulia uliweka kadi. Mfikirie pia She-Hulk, ambaye gharama yake hupungua kwa kila nishati iliyobaki zamu iliyopita. Ukiona hivyo, huna Shang-Chi, na dau limeshapanda, jiondoe.

Mzee wa Kete: Naongezea jambo dogo kwa faida ya wote. Wachezaji wakishinda eneo moja moja na la tatu likawa sare, jumla ya nguvu katika maeneo yote ndiyo inayoamua. Nimewaona vijana wakijiondoa kwa kuona sare tu, ilhali jumla yao ilikuwa kubwa.

Jibu: Ahsante sana, mzee. Hilo lilistahili kuwamo kwenye somo lenyewe.

Simba Mchovu: Mimi nashinda karibu kila mechi huku chini na wala sijiondoi. Nadhani unatia watu woga bure.

Jibu: Katika madaraja ya chini wengi unaokutana nao ni roboti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta. Endelea kupanda, kisha rudi uniambie hali ilivyo ukishapita 70.

Dereva wa Usiku: Mimi huchezea kituoni nikisubiri abiria, na mtandao hukatika. Nifanyeje nisipoteze michemraba?

Jibu: Funga mchezo na uufungue tena mara moja, kwa kawaida utakurudisha kwenye mechi ile ile. Mahali ambapo mtandao hauaminiki, usibonyeze Snap kabisa, na mpinzani akibonyeza, ondoka kwa mchemraba 1 hata kama mkono wako ni mzuri. Zaidi ya hayo, mechi za kupandia daraja uziache hadi ufike nyumbani.