Jinsi ya kulipima tangazo kabla ya kutoa pesa

Tangazo la redio la sekunde 30 halikupi nafasi ya kufikiri. Muziki unaingia, sauti ya furaha inataja bei, halafu "vigezo na masharti kuzingatiwa" inasomwa mbiombio. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulisimamisha. Lirekodi kwa simu. Bango lipige picha, maandishi madogo ya chini yakiwemo. Kisha andika maneno yake kwenye karatasi, neno kwa neno, na yale masharti yasikilize kwa kasi ya chini; programu nyingi za kuchezea sauti zina sehemu ya kupunguza kasi.

Andika kilichosemwa, si ulichokielewa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu tangazo lililoandikwa na fundi mara nyingi halisemi uongo. Linakuachia wewe umalizie sentensi.

Sasa chukua kalamu, pigia mstari maneno ya kukwepea. "Punguzo hadi 70%" ni kweli hata kama soksi peke yake ndizo zimeshuka kwa 70% na vitu vingine vyote kwa 5%. "Kuanzia" ni bei ya kitu cha chini kabisa dukani, ambacho huenda sicho kilichopo pichani. "Husaidia kupunguza maumivu" haijaahidi kwamba utapona. "Bora zaidi" inatakiwa ifuatwe na "kuliko", na kama "kuliko" haipo, hakuna kilicholinganishwa. Halafu kuna vitenzi vya kutendwa: imethibitishwa, imependekezwa, inaaminika. Vinamficha mtendaji. Kila unapokutana na kimoja, andika pembeni "na nani?" Jibu lisipopatikana ndani ya tangazo, ikate sentensi hiyo yote.

"Imesajiliwa" inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo inayowaumiza wagonjwa. Tanzania, BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) husajili kampuni, majina ya biashara na alama za biashara. Haipimi dawa. Dawa ni kazi ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ubora wa bidhaa kama vyakula na vipodozi ni kazi ya TBS, Shirika la Viwango. Tangazo la dawa ya kisukari linaloonyesha cheti cha BRELA limekuonyesha kwamba jina la biashara lipo, basi. Uliza namba ya usajili wa dawa yenyewe, kisha uihakikishe kwa mamlaka husika badala ya kumtegemea muuzaji. Kenya, swali hilo hupelekwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu.

Ukimaliza maneno, ingia kwenye bei. Mbinu inayotumika sana ni kuikata bei vipande vidogo hadi isiume. Chukua mfano wa simu ya "lipa kidogo kidogo": malipo ya awali 50,000, kisha "shilingi 1,500 tu kwa siku" kwa siku 365. Zidisha: 1,500 mara 365 ni 547,500. Ongeza ya awali, unapata 597,500. Kama simu hiyohiyo taslimu ni 380,000, umelipa 217,500 zaidi. Neno "tu" limefanya kazi kubwa hapo. Usilinganishe 1,500 na nauli ya daladala au soda, maana ndivyo tangazo linavyotaka ulinganishe. Linganisha jumla na jumla.

Mikopo ya simu inahesabiwa vivyo hivyo. Ukikopa 20,000 na kutozwa "ada" ya 15% kwa siku 14, unarudisha 23,000. Mwaka una vipindi 26 vya siku 14, kwa hiyo ukikopa na kulipa mfululizo, ada ya mwaka mzima ni 78,000 kwa deni la 20,000 lilelile. Kuiita ada badala ya riba hakupunguzi hata senti.

Kinachofuata ni mbinu ya kukuharakisha. "Zimebaki 3", au saa inayohesabu kurudi nyuma. Kuipima ni rahisi: piga picha ya skrini, funga ukurasa, ufungue tena kwenye dirisha la faragha. Saa ikianza upya, imewekwa kukutisha. Rudi baada ya siku mbili. Bado zimebaki 3?

Kwa mashuhuda ("nilitumia wiki mbili nikapona") tafuta vitu vitatu: kilipimwa nini, kabla na baada ilikuwa kiasi gani, na wangapi walitumia bila kuona tofauti. Msanii au mchezaji maarufu anathibitisha jambo moja, kwamba kampuni imepata sura inayopendwa. Koti jeupe la daktari nalo hushonwa na fundi yeyote.

Magazetini na mitandaoni angalia kichwa cha habari chenye alama ya kuuliza, kwani mwandishi mwenye ushahidi angeandika kauli. Angalia pia maneno "imedhaminiwa na", ambayo mara nyingi huwekwa kwa herufi ndogo kandokando.

Kosa la upande wa pili nalo lipo: mtu akishajifunza mbinu hizi anaanza kudhani kila chenye muziki mtamu ni ulaghai. Chandarua kizuri pia hutangazwa na msanii. Mbinu inakuambia wapi pa kuuliza. Bidhaa yenyewe unaihukumu kwa majibu.

Ukigundua umepotoshwa baada ya kununua, hifadhi picha ya tangazo yenye tarehe, risiti na ujumbe wa malipo, kisha anza na muuzaji kwa maandishi. Asipojibu, Tanzania malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Andika maneno ya tangazo kama yalivyotamkwa, na chini yake ulichopewa.